Vifaa vya Kuvutia Shingo: Mkao, Nafasi kati ya Pingili, na Yampasayo Mtumiaji Kujua Kabla ya Kununua

Katika maduka ya dawa, maduka ya vifaa vya mazoezi na kurasa za mauzo za mitandao ya kijamii, zimeenea bidhaa zinazouzwa kwa ahadi moja: kwamba zikiivuta shingo, pingili huachana, diski hujaa upya na maumivu hukoma. Baadhi yake ni kola za kujaza hewa. Nyingine ni mikanda inayoning'inizwa juu ya mlango ikiwa na mfuko wa maji. Nyingine ni vipande vya sponji ngumu vya kulalia. Ahadi hiyo ina punje ya ukweli ndani yake, na ndiyo sababu inauzika kwa urahisi. Nia yetu katika makala hii ni kuipepeta, ili mtumiaji abaki na punje na kuyaacha makapi.

Jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili. Kuvuta shingo huweza kweli kupanua nafasi kati ya pingili, lakini upanuzi huo ni mdogo, hutegemea sana mkao wa kichwa na wa mwili, na sehemu kubwa yake hutoweka mvuto unapoachiliwa. Kwa hiyo kifaa kisipimwe kwa maneno yaliyoandikwa kwenye kasha lake. Kipimwe kwa namna kinavyoiweka shingo, na kwa hali ya mtu anayekusudia kukitumia.

Shingo ilivyojengwa

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Ya kwanza hulibeba fuvu. Ya pili ina ncha inayochomoza kwenda juu, ambayo ile ya kwanza huizunguka tunapogeuza uso kulia na kushoto. Kati ya fuvu na pingili ya kwanza, na kati ya pingili ya kwanza na ya pili, hakuna diski. Diski huanzia kati ya pingili ya pili na ya tatu, zikashuka hadi mahali shingo inapokutana na kifua. Kila diski ni mto mgumu wa gegedu wenye kiini laini kilichojaa maji, na unene wake shingoni ni takriban milimita 5 tu.

Nyuma ya diski hizo, ndani ya mfereji wa mifupa, unapita ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini ya fahamu ishukayo kutoka kwenye ubongo. Kutoka katika ugwe huo, kila upande, mishipa ya fahamu hujitokeza kupitia matundu madogo yaliyo kati ya pingili moja na nyingine. Shingoni kuna jozi 8 za mishipa hiyo. Mbele ya kila tundu ipo diski; nyuma yake kipo kiungo kidogo kinachoziunganisha pingili mbili. Basi diski ikivimba kuelekea nyuma, au vinundu vya mfupa vikiota kandokando ya kiungo kwa sababu ya umri, tundu husonga na mshipa hubanwa.

Mtu aliyebanwa mshipa namna hii hupata maumivu yanayotoka shingoni na kushuka begani, mkononi hata vidoleni, mara nyingi pamoja na ganzi au udhaifu wa mkono. Mishipa inayobanwa mara nyingi kuliko mingine ni wa sita na wa saba, na yote miwili hutokea katika sehemu ya chini ya shingo: wa sita hupita kati ya pingili ya tano na ya sita, wa saba kati ya pingili ya sita na ya saba. Tunaomba msomaji aikumbuke sehemu hiyo, kwa maana ndiyo inayoamua ni mkao upi una manufaa na upi hauna.

Mvuto hufanya nini, na kwa nguvu kiasi gani

Kuvuta shingo kitabibu ni kukishika kichwa, kwa kawaida penye kisogo, kisha kukivuta polepole kuelekea mbali na mabega. Mvuto ukitosha, mpindo wa kawaida wa shingo hunyooka kwanza. Misuli na kano hutanuka. Kisha pingili huanza kuachana kidogo. Upanuzi unaoonekana katika picha za eksirei huhesabiwa kwa milimita moja hivi, na mara nyingi huwa pungufu ya hapo. Kwa jicho la kawaida ni kitu kidogo mno. Lakini kwa mshipa uliobanwa ndani ya tundu jembamba, hata sehemu ya milimita yaweza kuleta nafuu, na hapo ndipo ilipo ile punje ya ukweli tuliyoitaja.

Upanuzi huo hauji kwa nguvu yoyote ile. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Mtu akiwa ameketi wima, kilo 5 za kwanza za mvuto hufanya kazi moja tu, yaani kuubeba uzito wa kichwa chenyewe. Pingili hazianzi kuachana mpaka mvuto upite kiwango hicho. Kwa hiyo mtu anayejaza lita 4 za maji katika mfuko wa kifaa cha mlangoni, ambazo ni kilo 4, amekipunguzia kichwa uzito kwa muda, wala hajazitenganisha pingili zake. Huenda akajisikia vizuri, kwa kuwa misuli imepumzishwa mzigo. Ila si haki kumwambia kuwa pingili zimefunguka.

Katika mwaka wa 1965, watafiti Colachis na Strohm wa Marekani walichapisha vipimo vya picha za eksirei za watu waliovutwa shingo kwa nguvu za takriban kilo 14 na kilo 23, huku wakibadilisha pembe ya mvuto. Waliona kwamba nguvu ikiongezeka, nafasi kati ya pingili huongezeka. Na kwamba pembe ya kuinamisha kichwa mbele ikiongezeka, nafasi huongezeka zaidi upande wa nyuma. Tunatahadharisha kwa mkazo: uzito huo ulipimwa chini ya macho ya wataalamu, katika chumba cha utafiti. Si kipimo cha kujaribia nyumbani.

Pembe ya kichwa

Ili kuelewa umuhimu wa pembe, msomaji auwazie mgongo wa kitabu kilichosimama, kisha aufungue ukurasa kidogo. Upande mmoja ukifunguka, upande wa pili hubana. Pingili za shingo hufanya vivyo hivyo. Kichwa kikiinama mbele, nafasi ya nyuma ya pingili hufunguka, na matundu ya mishipa ya fahamu hupanuka. Kichwa kikilazwa nyuma, nafasi ya mbele hufunguka, ilhali viungo vya nyuma husongamana na matundu hupungua.

Utafiti wa Yoo na wenzake uliochapishwa mwaka wa 1992, uliofanywa juu ya mifupa ya shingo za maiti, uliyapima mabadiliko hayo. Shingo ilipoinamishwa mbele kwa nyuzi 20 na kisha 30, upana wa tundu uliongezeka kwa takriban asilimia 8 na asilimia 10. Iliporudishwa nyuma kwa nyuzi hizo hizo, tundu lilipungua kwa takriban asilimia 10 na asilimia 13. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika vipimo hivyo mabadiliko yaliletwa na mkao, si na mvuto. Maana yake ni kwamba mkao mbaya unaweza kuifuta faida yote ambayo mvuto ungeleta.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa fiziotherapia huchagua pembe kwa kuangalia mahali palipo na tatizo. Wanapolenga sehemu ya chini ya shingo, ambako mshipa wa sita na wa saba hutokea, kwa kawaida huiinamisha shingo mbele kwa nyuzi 15 hadi 25 hivi. Wanapolenga sehemu ya juu, karibu na fuvu, huiacha shingo karibu na hali yake ya kunyooka. Kuinamisha kupita kiasi nako hakufai, kwa kuwa ugwe wa mgongo na mishipa yake hutanuliwa na yaweza kuleta maumivu mapya.

Mshiko nao una sehemu yake. Mkanda unaovuta zaidi kwa kidevu hukielekeza kichwa nyuma na kulikandamiza taya, jambo linaloweza kuleta maumivu ya kiungo cha taya na ya meno. Mshiko ulio bora hukaa penye kisogo, na kidevu kisibebe mzigo.

Kuketi au kulala

Swali la pili ni kama mtu avutwe akiwa ameketi au amelala chali. Mwaka wa 1977, Deets na wenzake walilinganisha mikao hiyo miwili kwa picha za eksirei, wakakuta kwamba nafasi ya nyuma ya pingili za chini za shingo hupanuka zaidi mtu akiwa amelala kuliko akiwa ameketi.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Aliyelala chali hakibebi kichwa chake. Uzito wake umepokelewa na kitanda, hivyo mvuto haupotei katika kukiinua. Pia misuli ya shingo, ambayo kwa aliyeketi hujikaza bila yeye kujua ili kichwa kisianguke, hulegea anapolala. Ni kweli kwamba msuguano wa kichwa na godoro hula sehemu ya mvuto, na ndiyo sababu mashine za hospitalini huwa na kibao kinachoteleza. Hata hivyo, kwa jumla, aliyelala hupata upanuzi mkubwa kwa nguvu ndogo zaidi.

Vifaa vingi vya bei nafuu hutumika mtu akiwa ameketi. Huo peke yake si ubovu wa bidhaa, ila ni jambo ambalo muuzaji anapaswa kulieleza, hasa anapotumia picha za matibabu ya hospitalini kunadi kifaa kisichofanana nayo.

Faida hudumu kwa muda gani

Matangazo mengi husema kifaa "hurudisha diski mahali pake" au "huponya moja kwa moja". Maneno hayo hayana msingi. Mvuto unapoachiliwa, uzito wa kichwa hurudi juu ya pingili, na sehemu kubwa ya nafasi iliyopatikana hufungika tena. Mtu akishuka kitandani akajitwika ndoo ya lita 20, pingili zake za shingo hubeba kilo 20 za maji juu ya uzito wa kichwa. Dakika chache za kuvutwa asubuhi haziwezi kulizuia hilo.

Inafaa pia kujua kwamba mwili una njia yake wenyewe ya kuzijaza diski. Mchana, kwa kusimama na kubeba, diski zote za uti wa mgongo hupoteza maji kidogo kidogo, hata mtu huwa mfupi jioni kuliko asubuhi kwa karibu asilimia 1 ya urefu wake. Usiku, akiwa amelala, maji hurudi. Usingizi wa kutosha juu ya mto usiokinyanyua kichwa kupita kiasi wala kukiacha kining'inie ni huduma ambayo hakuna anayeiuza kwa tangazo.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu wengi waamini kuwa kifaa kimewaponya. Maumivu ya mshipa uliobanwa shingoni mara nyingi hupungua yenyewe kadiri wiki na miezi inavyopita. Utafiti uliofanywa Rochester, Minnesota, nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 1994, uliwafuatilia wagonjwa 561 wa aina hiyo. Mwishoni mwa ufuatiliaji takriban asilimia 90 hawakuwa na maumivu kabisa au walikuwa na usumbufu mdogo tu. Aliyenunua kifaa katika wiki mbaya kuliko zote ana nafasi kubwa ya kujisikia nafuu baada ya mwezi, awe amekitumia au amekiacha kabatini. Ushuhuda wa mteja mmoja, hata ukiwa wa kweli, hauthibitishi kazi ya kifaa.

Utafiti wa tiba unasemaje

Hatutaki msomaji adhani kuwa kuvuta shingo ni udanganyifu mtupu. Mwaka wa 2008, wachambuzi wa mtandao wa kimataifa wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyokuwapo kuhusu mvuto wa shingo kwa mashine, wakahitimisha kwamba ushahidi ulikuwa haba: haukutosha kuthibitisha kuwa tiba hiyo inasaidia, wala kuthibitisha kuwa haisaidii.

Mwaka wa 2014 lilichapishwa jaribio la Fritz na wenzake lililowahusu wagonjwa 86 wenye maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi. Wote walipewa mazoezi. Kundi moja liliongezewa mvuto wa mashine wakiwa wamelala. Jingine liliongezewa kifaa cha mlangoni. La tatu lilibaki na mazoezi peke yake. Baada ya miezi 6, kundi la mashine ndilo lililokuwa na nafuu kubwa zaidi katika shughuli za kila siku, kuliko makundi mengine mawili.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo mawili. La kwanza, mvuto ulioleta manufaa ulikwenda pamoja na mazoezi, chini ya mtaalamu, kwa mgonjwa aliyechunguzwa na kuonekana anafaa. La pili, matokeo ya mashine ya hospitalini hayapaswi kutumiwa kuuza kifaa cha aina nyingine.

Aina za vifaa vilivyoko sokoni

Kola ya kujaza hewa huvaliwa shingoni, kisha hupulizwa kwa kipira cha mkono. Inapovimba, hulisukuma taya juu na kuyakandamiza mabega chini. Mara nyingi haina kipimo kinachoonyesha nguvu inayotumika, na mvaaji hawezi kuichagua pembe: sehemu ya mbele ikijaa zaidi, kidevu huinuliwa na shingo hurudi nyuma, mkao ambao tumeona unayasonga matundu. Isitoshe, kola huzunguka mishipa mikubwa ya damu inayopeleka damu kwenye ubongo. Isikazwe kamwe, na mtu asilale usingizi akiwa ameivaa.

Kifaa cha mlangoni kina mkanda wa kichwa, kamba, kapi na mfuko wa maji. Aketiye akiuelekea mlango huvutwa kwa pembe ya kuinama mbele. Aketiye akiupa mlango mgongo huvutwa kuelekea nyuma. Kifaa ni kile kile na mlango ni ule ule, lakini matokeo kwa mshipa ni kinyume. Kama maelezo ya matumizi hayasemi mtu akae vipi, bidhaa hiyo haijakamilika. Mlango wenyewe ufungwe kwa ufunguo ili asije mtu akausukuma.

Kitambaa cha kuning'iniza kichwa, mfano wa machela ndogo, hufungwa kwenye kitasa cha mlango au nguzo ya kitanda, na mtumiaji hulala chali. Mkao wa kulala ni faida yake. Pembe hutegemea kimo cha kitasa: kikiwa juu kidogo kichwa huinama mbele, kikiwa juu mno shingo hukunjwa kupita kiasi.

Sponji ngumu yenye nundu huwekwa chini ya shingo ili kichwa kining'inie nyuma. Kusema kweli hicho si kifaa cha kuvuta, bali ni cha kupinda shingo kwa nyuma. Kwa mtu mwenye uchovu wa misuli huenda kikamburudisha. Kwa mwenye maumivu yashukayo mkononi, huelekea kumwongezea tatizo.

Wasiopaswa kuvutwa shingo

Wapo watu ambao kwao kuvuta shingo ni hatari, na pembe iliyo sahihi haiwakingi. Hawa wasijaribu kifaa chochote bila idhini ya daktari:

1. Aliyepata ajali ya gari au pikipiki, aliyeanguka mtini au na mzigo kichwani, na bado hajapigwa picha ya shingo.

2. Mwenye ugonjwa wa baridi yabisi unaoshambulia viungo, au mwenye sindromu ya Down. Kwa hawa, kano zinazoshikilia pingili mbili za juu zinaweza kuwa zimelegea, na mvuto waweza kuuumiza ugwe wa mgongo.

3. Mwenye saratani, au aliyewahi kuugua saratani.

4. Mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo au anayeshukiwa kuwa nacho. Maumivu ya shingo yanayoambatana na homa za jioni, kutoka jasho usiku na kupungua uzito yachunguzwe kwanza.

5. Mwenye mifupa iliyopungukiwa nguvu kwa uzee, au kwa kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

6. Aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye ugonjwa wa mishipa ya damu ya shingoni.

7. Aliyefanyiwa upasuaji wa shingo.

Zipo pia dalili zinazoonyesha kuwa ugwe wa mgongo wenyewe umebanwa. Dalili hizo ni vidole kukosa ustadi hata kufunga vifungo au kuandika kukawa kazi, miguu kuwa mizito au kuyumba, ganzi mikononi na miguuni kwa pamoja, na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa. Mwenye dalili hizi aende hospitali siku hiyo hiyo. Hasara kubwa ya kifaa kilichonunuliwa kwa ahadi za uongo haiko katika fedha. Iko katika wiki ambazo mgonjwa hupoteza akijitibu nyumbani, huku ugwe ukiendelea kuumia.

Kwa anayetumia kifaa kwa ushauri wa mtaalamu, alama ya kumwongoza ni mwendo wa maumivu. Yakipanda kutoka mkononi kurudi begani au shingoni, kwa kawaida ni ishara njema, hata kama shingo yenyewe inauma kidogo. Yakishuka zaidi kuelekea vidoleni, au ganzi ikiongezeka, aache mara moja. Aache pia akisikia kizunguzungu, akiona vitu viwili viwili, ulimi ukiwa mzito au kichwa kikigonga. Na dalili hizo zisipokoma papo hapo, apelekwe hospitali.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kabla ya kutoa fedha, tunashauri mtumiaji aulize yafuatayo, na asikubali kujibiwa kwa mzaha:

Je, kifaa hiki kinaiweka shingo katika mkao gani: imeinama mbele, imenyooka au imerudi nyuma? Hutumika mtu akiwa ameketi au amelala? Kina kipimo cha nguvu, na nguvu ya juu kabisa ni ipi? Kinashika kisogo au kidevu? Maelezo ya matumizi yapo kwa lugha ninayoielewa, na yanawataja wasiopaswa kukitumia? Nani alikitengeneza, na nani alikiingiza nchini? Nikiona hakinifai, kitapokelewa kwa masharti gani?

Kifaa kinachodaiwa kutibu ugonjwa ni kifaa tiba, na kwa Tanzania usimamizi wa vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtumiaji ana haki ya kuuliza mamlaka hiyo kama bidhaa inatambuliwa, na kuitaarifu anapopata madhara. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kufanya vitendo vya kupotosha au vinavyoelekea kupotosha. Mwenye malalamiko ya namna hiyo anaweza kuyafikisha katika Tume ya Ushindani. Ili lalamiko liwe na nguvu, tunza risiti ya EFD, kasha, karatasi ya maelezo, na nakala ya tangazo lililokushawishi, hata kama ni picha ya skrini ya simu. Tangazo la mtandaoni hufutwa kwa dakika moja. Nakala yako ndiyo shahidi.

Kabla ya yote hayo, fika kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa au kituo kilichosajiliwa. Mtaalamu huyo anaweza kukuvuta kwa mikono yake dakika chache, akibadili pembe kidogo kidogo, na kuona papo hapo kama maumivu ya mkono yanapungua. Yasipopungua kwa pembe yoyote, umejua mapema kuwa kifaa hakitakusaidia, na fedha zako zimebaki mfukoni. Yakipungua, utatoka ukiijua pembe iliyokufaa, mkao uliokufaa na mazoezi ya kufuatisha, na hapo ndipo utakuwa na kipimo cha kukichagulia kifaa, kama bado utakihitaji.